Deni Lililotangulia Simu

Kabla ya mwaka 1820, mfanyabiashara wa Kiomani aliyeitwa Saleh bin Haramil al-Abry alileta miche ya mikarafuu kutoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi, akaipanda Mtoni na Kizimbani. Sultani Seyyid Said alipoona jinsi mti ule ulivyoipenda ardhi ya Unguja, alimnyang'anya mashamba yale, na Kizimbani ikawa mali ya mfalme. Waliopanda, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Katika miaka ya 1830 na 1840 mikarafuu ilienea kisiwani na kuvuka hadi Pemba.

Anayetaka kusoma historia ya utafiti juu ya uchumi wa kidijitali Afrika Mashariki kwa kawaida hupelekwa Nairobi, mwaka 2007, ilipozaliwa M-Pesa. Mimi naanzia Kizimbani kwa makusudi. Maswali ambayo wasomi wa vyuo vikuu wameyazunguka kwa takriban miaka thelathini, nani anaijua bei, nani anamdai nani, na faida inalala wapi, yalikwisha kuulizwa katika visiwa hivi juu ya karafuu. Majibu yake yaliandikwa, yakawekwa kwenye makabati, na kizazi kilichofuata kikalazimika kuyatafuta upya.

Karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka, inapoanza kupiga wekundu. Mchumaji hupanda mtini, huvuta tawi, huangusha vishada. Chini watu hukaa kuchambua, punje huku na makonyo kule, kisha punje huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa mpaka zikauke na kukoza rangi. Mvua ikizinyeshea, daraja limeshuka. Kazi yote hiyo inataka fedha kabla ya mauzo: palizi, chakula cha watu, ujira wa wachumaji waliokuwa wakilipwa kwa pishi. Mwenye shamba asiye na akiba alikwenda mjini kwa tajiri, akapewa fedha kwa kuweka rehani mavuno au shamba lenyewe. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameeleza kwa kina jinsi wenye mashamba wa karne ya 19 walivyozama katika madeni ya wafanyabiashara waliowakopesha. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoilaza chini mikarafuu mingi ya Unguja, miti ilikufa lakini madeni yalibaki hai.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Tangu hapo habari kutoka London, ambazo zamani zilingoja meli, ziliweza kuingia Shangani, mtaa wa mjini, katika muda mfupi sana. Tukitaka kuwa waangalifu na historia, huo ndio mwanzo wa uchumi wa habari katika kisiwa hiki, zaidi ya karne moja kabla ya intaneti. Lakini waya uliishia mjini. Njia ya kutoka Shangani hadi Kizimbani ni fupi, na bei ya London haikuifuata. Aliyekuwa nayo ni yule yule aliyeshika hati ya rehani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka pamoja na bei za mazao mengine duniani, serikali ya kikoloni ilileta wachunguzi. C. F. Strickland, mtaalamu wa vyama vya ushirika, aliandika ripoti yake mwaka 1932, na wengine wakafuata kuhesabu madeni ya wakulima. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilikuwa kimeanzishwa tangu 1927. Mwaka 1937 sheria ilikipa chama hicho haki ya peke yake ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na mgogoro ukaisha kwa maafikiano mwaka 1938. Siwasifu wachunguzi wale kupita kiasi, maana walikuwa watumishi wa himaya na walipenda kuwaona Wahindi kama chanzo cha kila tatizo. Hata hivyo walitambua jambo moja kubwa: mkulima anayedaiwa hata akiijua bei hana uhuru wa kuitumia, kwa kuwa mnunuzi wake amekwisha kuchaguliwa na deni.

Kizimbani yenyewe iligeuka kuwa mahali pa sayansi. Hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo cha Zanzibar na chuo cha kilimo ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Mikarafuu ilipokuwa ikinyauka kwa ugonjwa ulioitwa kifo cha ghafla, wataalamu waliuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1949 G. E. Tidbury alichapisha kitabu kizima juu ya mkarafuu. Utafiti ulihamia kwenye mizizi, majani na udongo. Deni la mkulima liliachiwa maafisa wa fedha.

Sasa turuke hadi 1995. Mwaka huo Don Tapscott, mwandishi wa Kanada, alitoa kitabu kilicholieneza jina la uchumi wa kidijitali. Wasomi waliomfuata waliandika hasa juu ya makampuni ya Marekani, na Afrika ilipotajwa ilitajwa kwa upungufu: simu chache, waya chache, kompyuta chache. Kazi ya mtafiti wa miaka ile ilikuwa kupima ukubwa wa pengo. Kampuni ya simu ya Zantel ilianzishwa mwaka 1999, mwaka ule ule ilipopitishwa sheria ya kuunda SUZA, lakini ilichukua muda kabla ya mtu yeyote kuuliza watu wa visiwani wanaifanyia nini simu yao.

Kati ya tafiti za mapema zilizotazama Unguja kwa makini, mbili hazikuhusu simu hata kidogo, nami nazihesabu katika historia hii kwa sababu bila umeme hakuna chochote cha kidijitali. Tanja Winther wa Norway aliishi Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2008 juu ya jinsi umeme ulivyobadilisha jioni, mapishi, heshima na mambo ya ndani ya nyumba. Mwaka huo huo, Mei hadi Juni, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Mchumi Alfredo Burlando alizichukua takwimu za watoto waliozaliwa miezi iliyofuata, akaonyesha katika makala ya 2014 kwamba uzito wa waliokuwa tumboni wakati wa giza ulipungua, na kwamba sababu iliyoelekea zaidi ni kipato kilichopotea katika kazi zinazotegemea umeme. Inashtua kuisoma. Hitilafu ya waya ilifika mpaka kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo jinsi mtambo unavyoingia katika mwili wa mtu.

Wakati huo wachumi wengi walikuwa wamevutwa na bei. Mwaka 2007 Robert Jensen alichapisha makala juu ya wavuvi wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipofika pwani ile, wavuvi walipiga kabla ya kutia nanga, wakachagua soko lenye wanunuzi, dagaa waliokuwa wakitupwa wakaisha, faida ya mvuvi ikapanda na bei ya mlaji ikashuka. Jenny Aker naye alionyesha kuwa mitandao ya simu ilipoenea nchini Niger, tofauti za bei ya nafaka kati ya soko na soko zilipungua. Makala hizi zilikuwa safi, hesabu zake zilieleweka, na mashirika ya misaada yalizipenda. Ikaaminika kwamba mkulima akipewa bei kwa ujumbe mfupi, umaskini wake utapungua.

Mwaka 2008, katika jarida la masomo ya kisasa ya Afrika, Thomas Molony alitoa makala iliyotoka kwenye nyanya na viazi vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Ningependa kila mwanafunzi wa kilimo Kizimbani aisome. Molony alifuata mazao kutoka mashambani hadi masoko ya Dar es Salaam, akazungumza na wakulima, madalali na wafanyabiashara. Simu walikuwa nazo. Bei waliweza kuiuliza. Ila wengi wao walikuwa wameshapokea mbegu, mbolea au fedha kutoka kwa mnunuzi wao msimu ulipoanza, na nyanya haingoji. Mkulima wa namna hiyo akisikia kwamba mtu mwingine ananunua kwa bei nzuri zaidi, afanye nini? Akimkimbia aliyemkopesha, mwakani nani atampa pembejeo? Basi anauza kule kule, kwa bei anayopewa, simu ikiwa mfukoni.

Hilo ndilo jibu la miaka ya 1930, limerudi kwa njia ya Nyanda za Juu Kusini. Molony hakuwa akiandika juu ya Zanzibar, na hakukuwa na haja. Muundo ni ule ule: fedha hutangulia mavuno, na fedha iliyotangulia humfunga mtu. Makala yake haikupata umaarufu wa ile ya Kerala. Naona sababu moja ni kwamba haikuwa na grafu moja ya kupendeza ya kuonyeshwa mkutanoni.

Kisha ikaja fedha yenyewe ndani ya simu. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya Gamos ya Uingereza walibaini kwamba watu wa Uganda, Botswana na Ghana walikuwa wanatumiana muda wa maongezi badala ya fedha. Mtu alinunua vocha mjini, akaisomea namba ndugu yake kijijini, naye ndugu akaiuza. Wananchi walitangulia, wataalamu wakafuata. Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa serikali ya Uingereza, walianza majaribio Kenya mwaka 2005 kwa nia ya kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Watumiaji wakaifanyia kazi nyingine: kutumiana. Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa umma, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Zantel nao wakaanzisha huduma yao ya Z-Pesa, ambayo baadaye ilikuja kuwa Ezypesa.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili jinsi inavyofanya kazi. Kila mtu amewahi kusimama mbele ya kibanda cha wakala, ameambiwa asubiri kwa sababu hakuna salio la kutosha, na amewahi kumwambia ndugu "tuma na ya kutolea". Kinachofaa kuelezwa ni jinsi wasomi walivyokimbilia kibanda hicho. Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya kuanzia 2008. Katika makala yao ya 2014 walionyesha kwamba kaya isiyo na M-Pesa ikipatwa na msiba, ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalipungua kwa asilimia 7, ilhali kaya yenye M-Pesa haikutikisika, kwa kuwa jamaa wa mbali waliweza kutuma. Desemba 2016, katika jarida la Science, wakaenda mbali zaidi: huduma hiyo, walisema, ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini na kuwawezesha wanawake 185,000 kutoka kwenye kilimo na kuingia katika biashara.

Namba hizo zilisomwa kila mahali. Zilipingwa pia. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliandika kwamba utafiti ule haukuwatazama waliofilisika, haukuhesabu madeni, na haukuuliza faida ya kampuni inakwenda wapi. Mimi naona makala ya 2014 ina msingi imara kuliko ile ya 2016, na hoja ya wapinzani juu ya madeni ndiyo yenye uzito zaidi katika hoja zao zote.

Kwa upande wa Tanzania, Emma Riley alitumia takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa kaya, ambao hukusanya pia kaya za Zanzibar, kuangalia vijiji vilivyokosa mvua. Makala yake ya 2018 inasema waliotumia fedha za simu waliendelea kula kama kawaida. Jirani zao wasioitumia hawakupata nafuu ile. Hili la pili linanigusa kuliko la kwanza. Katika vijiji vyetu tumezoea kuamini kwamba chungu kikiwa jikoni kwa mmoja, jirani naye hapati njaa. Takwimu za Riley zinaonyesha kwamba fedha iliyotumwa kwa simu humfikia mwenye namba, na mara nyingi huishia kwake.

Kebo za baharini nazo zilikuwa na wasomi wake. SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Jonas Hjort na Jonas Poulsen walilinganisha maeneo yaliyofikiwa na yale yasiyofikiwa katika nchi kadhaa za Afrika, wakaona ajira iliongezeka palipofikiwa. Mark Graham wa Oxford na wenzake, pamoja na Timothy Waema wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikwenda kuuliza makampuni yenyewe, ya chai, ya utalii na ya kazi za kompyuta, Kenya na Rwanda. Waliyoyapata ni magumu kidogo kwa wenye matumaini makubwa. Makampuni madogo yaliunganishwa, yakaonekana, yakapata wateja, lakini masharti ya biashara yaliandikwa na wenye majukwaa na wanunuzi wakubwa wa mbali. Anayetembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, akimpasulia mgeni kungumanga na kumvunjia gome la mdalasini anuse, anaijua hali hiyo bila kusoma makala. Mgeni amekwisha kulipa kabla ya kupanda ndege, na nyota atakazotoa kwenye mtandao akirudi kwao zitaamua kama wengine watakuja.

Mwaka 2012 fedha za simu zilizaa mikopo ya simu. M-Shwari ilianza Kenya mwezi Novemba mwaka huo, M-Pawa ikaja Tanzania 2014. Hakuna rehani, hakuna mdhamini. Kompyuta hupima namna unavyotumia simu, kisha inakukubalia au inakukataa. Mwaka 2018 watafiti wa CGAP, taasisi inayochunguza huduma za fedha kwa maskini, walichapisha matokeo ya mahojiano na wakopaji wa nchi hizo mbili: Tanzania, zaidi ya nusu walikuwa wamewahi kuchelewa kulipa, na karibu theluthi moja walishindwa kabisa. Baadaye zikaja programu zisizo na leseni, zinazochukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako na kuwapigia jamaa, wakwe na wafanyakazi wenzako kuwaambia unadaiwa. Watu wakaziita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69.

Hapo ndipo ninapoona utafiti umerudi ulikotoka. Ule wa kidijitali ulianza kwa kuhesabu waya, ukaenda kwenye bei, ukaenda kwenye kutuma na kupokea, na sasa makala nyingi mpya ni za deni. Tofauti na enzi ya Strickland ni kwamba mkopeshaji hana duka mjini wala sura, na rehani yake ni heshima ya mkopaji mbele ya watu wake. Na katika visiwa ambavyo karibu wakazi wote ni Waislamu, kuna sehemu ya swali ambayo utafiti wa Nairobi haukuundwa kuibeba. Mtu wa Kizimbani anayekataa mkopo wa simu kwa sababu ya riba huandikwa katika fomu kama mtu asiyefikiwa na huduma, sawa na asiye na simu. Kumbe amefikiwa, ameelewa, na amekataa.

Mstari mwingine wa utafiti unapita Kizimbani moja kwa moja. Mwaka 2007 Zanzibar ilitoa aina nne za muhogo zinazostahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao H. H. Storey aliuandika kwa mara ya kwanza akiwa Amani, Usambara, mwaka 1936. Aina hizo zilipewa majina ya mahali: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Ugonjwa huu ni wa hila. Jani laweza kuonyesha manjano kidogo tu, shina likasimama vizuri, mkulima akangoja, na siku ya kuchimba akakuta muhogo umeoza ndani, kahawia na mgumu kama kizibo. Kwa hiyo kuujua mapema kuna thamani ya chakula cha mwaka mzima. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha makala juu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani zilizopigwa katika mashamba ya utafiti karibu na Bagamoyo. Kutoka hapo ikatengenezwa programu iitwayo Nuru, inayofanya kazi kwenye simu hata pasipo na mtandao: unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia inachokiona. Haimkopeshi mtu, haimuuzii kitu.

Mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupiga picha Unguja na Pemba nzima, kazi ya Kamisheni ya Ardhi, SUZA na Benki ya Dunia. Wanafunzi wa SUZA walizirusha na kuchora ramani, na picha zikawekwa wazi. Mwaka 2018 mashindano ya kimataifa yaliwataka wataalamu wa dunia nzima kuzitumia picha za Zanzibar kufundisha kompyuta kutambua majengo. Kisiwa kilichokuwa kikisafirisha karafuu sasa kilikuwa kikisafirisha mifano ya kufundishia mashine.

Kwa hiyo wanafunzi wa kilimo wa Kizimbani wana somo lililo wazi mbele yao. Karafuu bado inahitaji fedha kabla ya mavuno, na wapo wanaoiuza ikiwa changa mtini kwa mwenye fedha taslimu. Mchumaji sasa anaweza kulipwa kwa simu, na bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inaweza kujulikana kijijini na mjini kwa siku moja. Kinachofaa kupimwa msimu kwa msimu, kwa wakulima wale wale, ni sehemu gani ya bei hiyo inabaki mkononi baada ya kila anayedai kuchukua chake, na ni nani anayedai: jirani, tajiri wa mjini, au programu isiyo na ofisi. Ripoti za miaka ya 1930 zipo za kulinganisha nazo. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kuuliza juu ya deni bila kumwaibisha mwenye nyumba, anayejua kwamba swali kama hilo haliulizwi mbele ya watoto wala siku ya kwanza. Mtafiti wa namna hiyo hapatikani kirahisi Oxford au Boston. Yuko darasani, kilomita chache kutoka mjini, na anachokosa ni fungu la utafiti na jarida litakalomchapisha.